Kiondo cha Mawe kutoka Magadi

Kila nikipita sokoni Thika kuna mtu ananishika mkono. "Nyambura, ni kweli ulienda mpaka Magadi kuleta mawe? Kwani hapa mawe yameisha?" Halafu wanacheka. Habari hii nimeisimulia mpaka koo likakauka, na kila anayeisikia anabeba nusu na kuongeza yake. Juzi nimeambiwa eti nilirudi na almasi! Basi kaeni niwaeleze yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi ajisomee. Habari za vibali vya kusafiri na kupanga foleni ofisini sitawachosha nazo. Miaka hii kila mmoja wenu anazijua kunishinda.

Thika, mbele ya kisima

Kwa asiyemjua, Syombua ni mjane wa Kikamba anayefua nguo za hoteli moja hapa mjini. Mimi na wanawake wengine wawili tunafua naye, lakini kazi ni yake, na ndiyo inayowasomesha watoto wake. Zamani tulikuwa tunafua kwa maji ya mto. Mvua zikianza, Chania unageuka mwekundu, na shuka linatoka kama limetandikwa barabarani. Hoteli ikachimba kisima. Maji yake ukiyaangalia ni safi, ya kupendeza. Lakini tia sabuni sasa! Povu hakuna. Sabuni inagandamana juu kama maziwa yaliyoharibika, na shuka likikauka linasimama lenyewe, gumu, rangi ya majivu.

Tukajaribu magadi, yale mnayotia kwenye maharagwe. Povu tulilipata, lakini mikono ya Syombua ilichubuka mpaka akashindwa kusonga ugali.

Siku moja msimamizi wa hoteli, Mgoa mpole, Mhindi wa kutoka Goa, asiyejua kupaza sauti, alituita akafungua shuka moja mbele yetu. "Mama, mimi sina ubaya na nyinyi," alimwambia Syombua. "Jumatatu ijayo nina wageni nyumba nzima. Nikipata mashuka meupe Jumapili jioni, kazi inabaki yenu. Nikikosa, nguo zote zinaenda Nairobi kwa mashine."

Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni Syombua akasema, "Nyambura, hii ikienda, watoto wangu wanatoka shule kurudi Machakos kuchunga mbuzi. Sina njia ingine." Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Usiku ule nikamkumbuka shemeji Mbugua, mume wa dada yangu. Yeye ni mpishi huko Magadi, anampikia Mzungu mmoja ambaye kazi yake ni kugonga mawe na nyundo na kuyaandikia majina. Krismasi alitueleza kuna jiwe linalofanya maji ya kisima yatoe povu. Tulimcheka mpaka akanuna na kukataa kuku. Sasa nikajiambia, kicheko tulishacheka, tuone na ukweli uko wapi.

Gari la moshi mpaka Kajiado

Kutoka Thika mpaka Nairobi hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba treni ilipita Ruiru na nikatazama upande wa Gatongora anakoishi Tata Wangari, dada ya mama yangu. Nilimpungia mkono ingawa hangeweza kuniona. Mkumbukeni huyo, maana atatusumbua.

Kutoka Nairobi nilipanda gari lingine la kuelekea Magadi, la mizigo, lenye behewa moja la abiria limefungwa mkiani. Behewa lile lilikuwa linarushwa kama ungo wa kupepeta. Nilikaa na mama wa Kimaasai aliyekuwa na kibuyu cha maziwa na binti mja mzito. Hatukuwa na lugha moja. Yeye Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "kaa" na "kula", na kwa maneno hayo matatu aliniamuru safari nzima. Alinipa maziwa yananuka moshi, nikanywa kwa adabu huku macho yananitoka machozi. Akafikiri nimeyapenda mno nalia kwa furaha. Akaongeza! Nilipompa githeri yangu, alichambua mahindi akala, maharagwe akanirudishia moja moja kwenye kiganja.

Kajiado tulisimama. Tukasimama tena tukasimama. Injini ilikuwa imegoma. Nikashuka kunyoosha miguu nikamkuta dereva, Mjaluo mrefu mwenye kofia iliyolowa mafuta, anagombana na bomba.

"Ni nini, baba?" nikamuuliza.

"Ni maji, mama. Maji ya nchi hii ni mawe yaliyoyeyuka. Unajua sufuria ya chai ikizeeka inavyofanya ukoko mweupe chini? Hapa ndani ni hivyo hivyo, lakini unene wa kidole. Mabomba yanaziba, moto unawaka bure."

Nikamweleza ninakoenda na ninachofuata. Sikutegemea angeniamini. Akafuta mikono, akanitazama vizuri. "Mama, ukilipata jiwe hilo, hata kama ni dogo kama yai, urudi nalo kwa gari langu nilione."

Pale ndipo nilipoanza kuamini kwamba sijapotea njia.

Magadi, jikoni kwa shemeji

Magadi ni joto! Ziwa ni jeupe na jekundu, ardhi inang'aa mpaka unataka kuomba msamaha. Shemeji Mbugua alinipokea kwa kiburi cha mtu aliyechekwa Krismasi na sasa anahitajiwa.

"Aa, leo mmenikumbuka," akasema. "Kuku iko?"

"Kuku utakula Thika, mara mbili. Nipe jiwe."

Akanikalisha, akanipa chai, akatoa kipande kutoka dirishani. Nilivunjika moyo. Lilikuwa jiwe jepesi, rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa mengi, na ndani vichembe vidogo vinavyometa. Mawe ya Ruiru ya kujengea nyumba yana sura nzuri kulishinda.

"Lilambe," Mbugua akaniambia.

"Wewe wazimu?"

"Lilambe!"

Nililigusa na ncha ya ulimi, likanigandia. Haki ya Mungu, likaning'ang'ania, nikawa naita "Buhua! Buhua!" na yeye amejishika mbavu. Nikalivuta likatoka. Ni kwamba jiwe lina kiu, akanieleza. Ndani yake limejaa vyumba vidogo mno, hata jicho la Mzungu wake halivioni, na vyumba hivyo hupenda maji. Halafu akaweka chembe moja kwenye makaa. Ikafoka, ikatoa mvuke na kutokota pembeni kama inalia. Jina lake ni zeolaiti, maana yake kwa lugha ya huko Ulaya ni jiwe linalochemka. Ziko aina nyingi, lakini hii, bwana wake alisema, ni adimu, hajaiona kwingine.

"Na povu la sabuni?"

"Fikiria nyumba za kupanga," shemeji akasema. "Katika vile vyumba anakaa mpangaji mmoja, ndugu yake chumvi. Yule anayeharibu maji yako ni chokaa. Maji yakipita, chokaa anaona vyumba vizuri anaingia, chumvi anatoka na virago vyake. Maji yanabaki laini. Siku vyumba vimejaa chokaa, unalilaza jiwe kwenye maji ya chumvi nyingi. Wale chumvi wengi wanamsukuma chokaa nje, unamwaga, unaanza upya."

"Kwa nini nisitie magadi tu?"

"Magadi inabaki kwa maji inakula mikono. Jiwe halibaki kwa maji. Linakaa pale pale, linafanya kazi yake, linanyamaza."

Tulimngoja bwana wake arudi. Aliponisikiliza alicheka sana, si kwa ubaya, akasema amezunguka nchi hii akitafuta nani atafurahia jiwe lake, wala hakufikiria mashuka. Akaniruhusu nijaze kiondo kutoka kwenye rundo la vipande alivyokwisha kupima. Akanionya jambo moja: moto mkali unaviangusha vile vyumba, jiwe linakuwa jiwe tu.

Wakati wa kurudi dereva alikuwa yule yule. Nikampa kipande cha ukubwa wa yai, naye bila kuambiwa akakilamba. Aliondoa treni Kajiado akiwa bado anajikuna ulimi.

Ruiru, kwa Tata Wangari

Nilifika Nairobi nikiwa nimechelewa, na treni niliyoipata jioni ile iliishia Ruiru. Ilikuwa Ijumaa. Nikasema sawa, nitalala kwa Tata, Jumamosi asubuhi niko Thika. Tena ningepita bila kumsalimia ningesikia mpaka kaburini.

Nilitembea mpaka Gatongora huku mvua inaninyeshea. Tata akanipokea kiondo mlangoni, akanishika mikono yote miwili. "Ngai! Mtoto wangu! Unatoka wapi umelowa hivi?"

"Magadi, Tata."

Hilo tu ndilo nililosema. Alinipa uji, akanipa viazi, nikalala na kiazi mkononi. Asubuhi niliamka kumeshakucha, mimi ninakimbia, yeye ananiwekea kiondo mgongoni. Juu kilikuwa kimefunikwa na majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba, vizuri kabisa. Nikashukuru kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyunya. Uzito ulikuwa ule ule. Na nyinyi mnajua adabu zetu: kiondo kikifungwa na mwenyeji, hukichungulii mbele yake. Unabeba, unasema asante.

Nikapata lori la mkonge likanishusha Thika.

Thika, mbele ya watu

Wafuaji wote walikuwa wamenisubiri uani kwa Syombua. Hata yule Mgoa alikuwa amepita, amesimama na kofia mkononi, kwa sababu Syombua alishamwambia dawa inakuja. Nikaweka kiondo chini kwa madaha kama bibi harusi. Nikatoa hotuba. Nikawaeleza juu ya vyumba, wapangaji, chokaa, chumvi. Wakatikisa vichwa. Kisha nikafungua.

Viazi vitamu.

Viazi vitamu vikubwa vya Ruiru, vyekundu, vimepangwa kwa ustadi, na katikati mkungu mdogo wa ndizi.

Mgoa alitazama viazi, akanitazama mimi, akauliza kwa upole wake, "Hivi navyo vina vyumba?"

Wale wafuaji wengine wawili waliangua kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Syombua peke yake hakucheka. Aliokota kiazi kimoja, akakigeuza, akakirudisha polepole. "Aiya, Nyambura," akasema, basi. Nilimwona mabega yakishuka.

Nilielewa mara moja kilichotokea. Jamani, ningewezaje kusahau? Mwanamke akija kwako na kiondo kimejaa, kilichomo ni chako. Unakitoa, na kiondo hukirudishi kitupu, unajaza cha kwako. Mimi natoka Magadi, nimempa Tata kiondo mkononi, nimelala. Alifanya kama mama zetu wote walivyofanya. Nikamwambia Syombua aanze kuchota maji, nitarudi, nikatoka mbio.

Ruiru tena, nyumba kwa nyumba

Tata alikuwa anapepeta maharagwe. "Umesahau nini tena?"

"Tata, yale mawe yako wapi?"

Uso ukamng'aa. "Nimegawa! Mtu haletewi magadi kutoka Magadi yenyewe akala peke yake. Kila nyumba ya mstari huu imepata. Lakini nikuambie kweli, magadi yako ni mabaya. Mbuzi wamelamba wakakimbia, wengine wanatoa ulimi mpaka sasa."

Nikakaa chini. Nikamweleza, na sikupamba: Syombua, watoto wake, Jumapili jioni, yale mawe si zawadi. Nilivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuinamia ungo wake. Mnajua maana yake kwenda kwa majirani kudai zawadi uliyotoa jana. Hakuna mwanamke wa Kikuyu anayefanya hivyo mwenye akili timamu. Nikamwambia, "Tata, nitaenda mimi. Nitasema ni mimi niliyekosea."

Akainuka, akajifunga leso kiunoni. "Utoke wapi wewe? Aliyegawa ni mimi. Aibu ni yangu, wewe beba kiondo."

Akatangulia. Mlango wa kwanza alisema, bila kuzungusha, "Mama Njoki, lile jiwe nililokupa nipe. Halikuwa langu." Na Mama Njoki akamtazama hivi, akasema, "Haiya, Wangari! Umeanza kunyang'anya watu?" Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona Tata akikaza fundo la leso. Akaingia mlango wa pili akasema vile vile. Na wa tatu. Nilikuwa nyuma yake na kiondo, na nilimpenda mama yule kuliko siku zote.

Lakini hatukuweza kwenda haraka, maana hakuna nyumba unayoingia ukatoka bila kula. Uji hapa, githeri pale, chai ya rangi kule. Nilikuwa nimeshiba mpaka naona giza. Na kila mtu jiwe alishalipatia kazi. Mmoja amezuia mlango nalo. Mmoja, msichana anayeolewa mwezi huu, analisugulia visigino, na alikataa katakata kulitoa mpaka Tata akamwahidi atamsugua yeye mwenyewe kwa mikono. Mke wa jirani mmoja, mja mzito, alilitaka kwa kutafuna kama udongo, likamkamata ulimi, na mama mkwe wake akawa anasema mtoto tumboni amekataa.

Nyumba ya mwisho bibi mmoja alikuwa ameliweka mekoni kuegemeza sufuria, kwa kuwa figa moja limevunjika. Tulimkuta nje, amekaa mbali na mlango wake.

"Wangari, jiwe lako linalia," akasema. "Limetoa machozi, likapiga kelele, pa! Mimi siingii humo."

Tata akaingia, akalitoa kwa koleo. Lilikuwa limepasuka, limeungua kabisa. Nikajua vile vyumba vimeanguka. Hilo tuliliacha. Mengine tuliyapata, lakini kiondo kilirudi pungufu.

Nililala pale pale kwa Tata, na asubuhi ya Jumapili kengele za kanisa zikilia nilikuwa juu ya lori naelekea Thika.

Thika, Jumapili

Syombua alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa nguo za kanisani lakini hakwenda. Nikamfungulia kiondo, akatazama, akachukua nyundo.

Tulivunja mawe yakawa madogo kama punje za mahindi. Tukayaosha vumbi. Tukachukua pipa lenye tundu chini, tukatandika gunia la mkonge, tukamwaga mawe, tukaanza kumimina maji ya kisima juu, taratibu, kama Mbugua alivyonifundisha. Chini yakatoka maji yale yale. Ukiyatazama, hakuna tofauti hata kidogo.

Syombua akatia mikono kwenye beseni, ile mikono yenye mabaka mekundu, akaikamata sabuni, akaigeuza mara moja tu. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko.

"Woi!" akasema. Kisha akapiga kelele, "Leteni mashuka! Leteni yote!"

Tulifua kama watu waliofungiwa wakafunguliwa. Waliotoka kanisani walipita wakitunyooshea vidole, tunafua siku ya Bwana, tukawapungia na povu. Saa saba sabuni ikaanza kuganda tena. Mawe yalikuwa machache, vyumba vimejaa chokaa, na rundo la mashuka bado. Dawa ni chumvi, lakini chumvi ya Syombua ilikuwa ya kutia kwenye mboga tu, na maduka yamefungwa. Ni mmoja kati ya wale wawili aliyekumbuka kwamba Mzee Salim mwenye duka karibu na msikiti hafungi Jumapili. Alimkimbilia. Mzee alisikia tunataka mfuko mzima, akaja mwenyewe na baiskeli kuona ni sherehe gani tusiyomwalika.

Tuliyalaza mawe kwenye maji ya chumvi, tukakaa chini tukala vile viazi vya Tata, vimechemshwa, na Mzee Salim naye akala. Halafu tukamwaga maji yale, tukasuuza mawe, tukajaribu. Povu! Shuka la mwisho lilipanda kambani jua likiwa bado kali.

Jioni Mgoa alikuja mwenyewe uani. Alishika shuka la kwanza, akalikunja, likakunjika laini bila kukakamaa kama karatasi. Akaliinua juani akalitazama. Akanusa. Akachukua la pili, la katikati ya rundo, labda akidhani tumempangia mazuri juu. Tulisimama tumeshikana mikono kama wanafunzi.

"Mama," akamwambia Syombua, "Jumanne mtume mtu achukue na mapazia."

Akavaa kofia akaenda. Syombua alisimama pale hata baada ya lango kufungwa. Halafu akarudi kwenye beseni, ingawa hakukuwa na kitu cha kufua ila kitambaa chake cha kichwa. Akakitia sabuni, na akaanza kuimba. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumsikia akiimba. Ana sauti mbaya, jamani, mbaya kweli kweli, na tulikaa tukamsikiliza mpaka akamaliza.